Kitabu cha Uchumi Kipimwe Sokoni Bumala

Mwaka 1996 shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, kama zilivyoitwa wakati huo, magharibi mwa Kenya, zilipokea shehena ya vitabu vya kiada. Vilikuwa vya Kiingereza, hisabati na sayansi, vipya kabisa, vya aina ile ile iliyoidhinishwa na serikali. Gharama ilibebwa na shirika la Kiholanzi la ICS. Shule nyingine 75 zilizokuwa katika mpango huo zilisubiri zamu yao, na wanauchumi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wakazilinganisha. Walitaka kujua jambo moja: mtoto aliyezoea kuchungulia kitabu cha jirani, akipewa cha kwake, atafanya vizuri zaidi mtihanini?

Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo. Wale wa katikati na wa nyuma walibaki pale pale, kwa sababu wengi wao hawakuweza kukisoma kitabu chenyewe. Nyumbani walizungumza Kimarachi, Kikhayo, Kisamia au Kiteso, sokoni Kiswahili, na kitabu kilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu. Matokeo hayo yalichapishwa rasmi mwaka 2009, na hoja yake kuu ni kwamba vitabu na mtaala vilikuwa vimekatwa kwa kipimo cha wanafunzi wachache wenye nguvu darasani.

Mwanauchumi Kremer, aliyewahi kufundisha katika eneo la Kakamega, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia ya utafiti ambayo sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika ardhi hii, kati ya Mto Sio na Malaba. Kwa hiyo mtu akiuliza leo jinsi ya kupima ubora wa kitabu cha mwanzo cha uchumi, Busia haina haja ya kuazima kipimo. Inacho chake.

Swali hili limepata uzito mpya. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, masomo ya Biashara na Uchumi yaliyokuwa yakifundishwa kila moja peke yake yaliunganishwa kuwa somo moja la Elimu ya Biashara, na mwanafunzi wa sekondari akakutana na mahitaji, ugavi, pato la taifa na mfumuko wa bei humo humo. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na vitabu vyao ni vipya. Ng'ambo ya mpaka, mwanafunzi wa Uganda husoma Uchumi kama somo kamili akifika kidato cha tano na cha sita. Na kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2022. Vijana wa pande zote hizi hukutana na somo la uchumi kwa mara ya kwanza kupitia kitabu kimoja, na kitabu hicho ndicho kitakachowaambia kama mambo wanayoyaona kila siku barabarani ni uchumi au si uchumi.

Kwa upande wa Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hukagua miswada na kutoa idhini. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake katika kila somo. Hatua hiyo ilipunguza uhaba uliokuwa ukiwatesa wazazi kwa miaka mingi. Lakini muhuri wa idhini hueleza kwamba kitabu kimegusa mada zote za silabasi. Hauelezi kama mwanafunzi wa katikati ataelewa, wala kama kilichoandikwa kinaendana na maisha anayoyaona.

Kitabu kianze kupimwa kwa sura ya mahitaji, kwa sababu karibu kila kitabu cha uchumi huanzia hapo. Sura nyingi hufungua kwa fasili ndefu: kiasi cha bidhaa ambacho mnunuzi yuko tayari, na ana uwezo, wa kununua kwa bei fulani na kwa muda fulani. Fasili hiyo ni sahihi. Ila mwanafunzi wa Butula aliyelelewa na mama anayeuza mahindi kwa gorogoro anajua zaidi ya hapo kabla hajafungua ukurasa. Anajua kwamba gorogoro hushuka bei Agosti mavuno yanapoingia, na hupanda Mei ghala zinapokuwa tupu. Anajua kwamba bei ikipanda mama hauzi gorogoro nzima tena, wateja huomba nusu. Kitabu kizuri humkuta mwanafunzi huyo hapo alipo, kikachora mstari kutokana na mahindi hayo, kisha kikampa fasili. Kitabu dhaifu humpa fasili akariri, kikamwachia mwenyewe kazi ya kugundua kwamba ni mahindi ya mama yake yanayozungumzwa.

Sura hiyo hiyo ina mtego mwingine, nao ulifichuliwa hapa hapa. Kuanzia mwaka 1998 Edward Miguel na Kremer waliendesha mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za Budalang'i na Funyula. Dawa ilitolewa bure, na utoro ukapungua kwa karibu robo. Kisha mwaka 2001 baadhi ya shule zikaambiwa wazazi wachangie ada ndogo, wastani wa senti 30 hivi za dola kwa mtoto. Idadi ya watoto waliomeza dawa iliporomoka kutoka takriban robo tatu hadi chini ya moja ya tano.

Mwenye kitabu aitazame namba hiyo vizuri. Katika mchoro wa kawaida wa mahitaji, kutoka bure hadi bei ndogo ni hatua fupi kwenye mstari ulionyooka. Busia ilionyesha kwamba hatua hiyo fupi inaweza kuwa genge. Pia ilionyesha jambo ambalo vitabu vingi hulieleza kwa mfano wa moshi wa kiwanda peke yake: matendo ya mtu mmoja yakimgusa mwingine asiyelipa wala kulipwa. Mtoto aliyetibiwa minyoo aliacha kuwaambukiza wenzake, hata wale ambao hawakumeza kidonge. Mfano huo unamhusu mwanafunzi moja kwa moja, maana mto na choo cha shule anavifahamu, na mabomba ya moshi ya Manchester hajawahi kuyaona.

Sasa mazungumzo yafike Bumala, katikati ya Umarachi, kwenye barabara kuu iendayo Busia. Mwaka 2006 Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walianza utafiti wao katika mji huo mdogo. Waliwafungulia wachuuzi wa sokoni na waendesha bodaboda wa baiskeli akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti hiyo haikutoa riba hata kidogo, na kila mtu alipotoa pesa alikatwa ada. Kwa maneno mengine, aliyeweka pesa humo alizidi kupoteza kidogo kidogo.

Kitabu cha kawaida kitasema watu huweka akiba kwa sababu ya riba, na riba ikiwa ndogo akiba hupungua. Kwa hesabu hiyo, akaunti ya Bumala ilipaswa kukaa tupu. Lakini wanawake wengi wa sokoni waliitumia, na uwekezaji wao katika biashara ukaongezeka kwa zaidi ya thuluthi moja. Kwa waendesha bodaboda, wote wanaume, matokeo hayakuonekana. Kwa nini? Mama anayeuza nyanya au dagaa akibaki na pesa mkononi jioni, zina wenyewe kabla hazijafika nyumbani: mgonjwa wa jirani, karo ya mpwa, shemeji aliyekwama. Pesa zilizo nyumbani ni za kila anayebisha hodi. Akaunti ilimpa mahali pa kuziweka mbali na macho ya watu, na kwa huduma hiyo alikuwa tayari kukatwa.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa, na kile wanawake wa Bumala walichokilipia kikaanza kupatikana ndani ya simu. Sura ya akiba katika kitabu cha mwanzo cha uchumi, kama imeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki, haina budi kueleza chama cha kuweka akiba, simu na siri ya pesa. Ikieleza riba peke yake, imemfundisha mwanafunzi kwamba mama yake hafanyi mambo kwa akili, wakati mama anafanya hesabu ambayo mwandishi hakuiona.

Tukitoka Bumala tukashuka hadi mpakani, sura ya fedha inakutana na vijana wanaobadilisha noti. Hadi mwaka 1966 kazi yao isingekuwepo, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ikaanza kutoa noti zake, na shilingi ya Kenya na ya Uganda zikaanza safari zikiwa na thamani sawa. Kisha ikaja miaka ya Idi Amin na vurugu zilizofuata. Mwaka 1987 Uganda ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya. Hata baada ya hapo, leo shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa kati ya 25 na 30 za Uganda. Ukizirudisha zile sifuri mbili, ni zaidi ya shilingi 2,500 za zamani. Hakuna mchoro utakaoeleza mfumuko wa bei waziwazi kuliko safari hiyo ya noti mbili zilizoanza zikiwa sawa.

Na magendo je? Julai 1975 baridi kali iligandisha mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapaa mwaka 1976 na 1977. Nchini Uganda mkulima alilipwa na bodi ya serikali bei ndogo, kwa shilingi zilizokuwa zikipoteza nguvu, huku sukari, sabuni na chumvi zikiwa adimu madukani. Kahawa ikavuka mpaka usiku. Soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, likawa maarufu Kenya nzima, na njia nyingine za mpaka huu zikachangamka vivyo hivyo. Kitabu kikieleza udhibiti wa bei kwa kuorodhesha hasara zake tano, mwanafunzi atazikariri na kuzisahau. Kikianza na baridi ya Brazili na kuishia na gunia la kahawa kichwani mwa mtu anayevuka kijito, ataelewa jinsi bei ya dunia, bodi ya serikali na thamani ya sarafu zinavyovutana.

Mifano haihitaji kuwa ya zamani. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Malori yalikwama Busia na Malaba, na baada ya siku chache biashara ikaruhusiwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya vipimo vya korona ambavyo Uganda ilivitoza ada, foleni ya matrela ikanyooka makumi ya kilomita kutoka Malaba, na petroli nchini Uganda ikapanda hadi shilingi 10,000 na zaidi kwa lita sehemu nyingi. Hapo umo usalama wa chakula, kizuizi cha biashara, ugavi unaokatika na bei inayoruka, vyote kwenye kilomita chache za lami.

Kitabu kinachofundisha biashara ya kimataifa kwa mfano wa meli bandarini Mombasa peke yake kinaacha nje mpaka wenyewe. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara, mama mwenye magunia mawili ya maharagwe yaliyolimwa ndani ya Jumuiya, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata cheti cha uasili hapo hapo mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kinamwezesha kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Na bado wapo wanaopita njia za panya. Kitabu kizuri kitauliza kwa nini, na kitamfanya mwanafunzi ahesabu muda unaopotea kwenye foleni, nauli na hofu ya kuombwa kitu kidogo, si ushuru tu.

Kulikuwa na waandishi waliolifahamu hitaji hili mapema. Mwaka 1968 Ian Livingstone na H. W. Ord walitoa kitabu cha utangulizi wa uchumi kilichoandikwa mahususi kwa Afrika Mashariki, na mwaka 1980 wakaja na kingine kwa eneo pana zaidi. Kilichowapa nguvu ni uamuzi wa kuifanya Afrika Mashariki kuwa uwanja wa somo, badala ya kuitaja mwishoni mwa sura zilizoandikwa kwa ajili ya London. Mifano yao imezeeka. Uamuzi wao haujazeeka.

Mfano wa karibu hautoshi, hata hivyo, kama kitabu si cha kweli. Paul Samuelson wa Marekani alitoa kitabu chake cha Uchumi mwaka 1948, kikafundisha vizazi duniani kote. Katika toleo la 1961 kilionyesha kwamba pato la Umoja wa Kisovieti lingeweza kulipita la Marekani kati ya 1984 na 1997. Katika toleo la 1980 tarehe hizo zilisogezwa mbele, bila maelezo ya kutosha kwa msomaji kwa nini utabiri ulikwenda kombo. Umoja huo ulivunjika mwaka 1991. Samuelson alikuwa mwanauchumi mkubwa, mshindi wa Nobel mwaka 1970, na ndiyo maana mfano wake unafaa: hata kitabu bora kinapaswa kumwonyesha mwanafunzi ni wapi kiliteleza na kwa nini.

Hata utafiti wa minyoo ulipitia tanuri hilo. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu zake na kukuta makosa katika baadhi ya namba, hasa zile za faida iliyofika shule za mbali. Ubishi mkali ukafuata, na waandishi wa awali wakakubali makosa fulani huku wakitetea hitimisho kuu. Kitabu kinachosimulia Busia bila kusimulia ubishi huo kinampa kijana nusu ya somo, kwa maana atadhani namba zikishachapishwa hazihojiwi tena.

Kipimo cha mwisho kiko mwisho wa kila sura, kwenye maswali. Hapa shule zetu zina ugonjwa unaojulikana na kila mwalimu. Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa Elimu ya Biashara umezoea kuuliza: taja mambo manne, eleza mambo matano. Vitabu vikafuata mtihani, na kurasa zikageuka kuwa orodha za hoja za kukariri. Mwanafunzi anatoka na sababu tano za ukosefu wa ajira, lakini ukimpa bei za mahindi za miezi kumi na miwili hajui pa kuanzia.

Swali bora la kitabu cha uchumi lipo tayari, nalo linatoka mpakani, ingawa mpaka mwingine. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania hakufanya hivyo. David Card na Alan Krueger wakahesabu wafanyakazi wa mikahawa pande zote mbili. Vitabu vilitabiri ajira ingepungua New Jersey. Utafiti wao wa 1994 haukuona upungufu huo. Ubishi haujaisha, lakini Card alipata Nobel mwaka 2021 kwa kazi ya aina hiyo.

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa Kenya kima cha chini hupandishwa kwa amri ya serikali, mara nyingi hutangazwa siku ya wafanyakazi, Mei Mosi. Upande wa Uganda kiwango kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijawahi kubadilishwa kwa vitendo. Mwanafunzi wa Alupe au wa Butula anaweza kupanga swali hilo hilo la Card na Krueger kwa hoteli na maduka ya pande mbili za barabara moja, akauliza mishahara, akauliza idadi ya wafanyakazi, akarudi na daftari. Kitabu kinachomtuma kazi ya namna hiyo kimefanya kile ambacho orodha za hoja haziwezi kufanya.

Walimu wanaokaa kuchagua vitabu vya rejea mwaka huu, na wachapishaji wanaotayarisha matoleo ya Gredi ya 11 na 12, wana njia iliyo wazi mbele yao. Kabla ya kuchapa, sura mbili zipelekwe katika madarasa machache ya Butula, Nambale na Teso Kaskazini, na ziwekwe mbele ya wanafunzi wa katikati, wale ambao vitabu vya 1996 viliwapita. Wasome bila msaada. Waulizwe wanachokielewa. KICD ina uwezo wa kulifanya jaribio hilo kuwa sharti la idhini, kama inavyokagua silabasi, na gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na mamilioni ya nakala yatakayolipwa na mlipa kodi.